Shati Moja Lilibaki

Miaka ile dhahabu ilipopamba moto kwetu, mwanamume akishuka shimoni aliacha shati lake juu. Sijui nani aliuanzisha utaratibu huo. Chini kulikuwa na joto na tope, na kila kijana alitaka jioni apite senta akiwa amependeza, kwa hiyo alivua shati, akaliweka mdomoni mwa duara lake, akashuka kifua wazi. Duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo. Taratibu mashati yakawa ndiyo taarifa. Ukipita ukaona mashati matatu, ulijua watu watatu wako chini. Mtu alihama duara hili kwenda lile bila kumuaga yeyote, lakini shati lake lilisema alipo. Hata wezi wetu, ambao hawakuwa wachache, hawakuthubutu kugusa shati lililoachwa mdomoni mwa duara.

Wengi walilibana shati kwa jiwe. Kaka yangu hakutaka jiwe, kwa sababu jiwe linachafua. Yeye alichukua mkono mmoja wa shati akaufunga kwenye nguzo ya kamba ya kushukia, kwa lile fundo ambalo marehemu baba alilitumia kufungia ng'ombe. Shati lenyewe lilikuwa la bluu, la mikono mirefu, alilinunua mnadani Nyarero na alilipenda kupita kiasi. Nilimcheka sana. Nilimuuliza kama shati lake ni ndama, linaweza kutoroka.

"Likitoroka," alinijibu, "nitapitaje senta kifua wazi? Watasema nimerukwa na akili."

Tulikuwa watatu nyumbani: mama, kaka na mimi. Mji wetu ulikuwa kwenye mteremko, mji wa kawaida wa Kikurya, nyumba mbili na zizi na jiko la nyasi. Upande wa mashariki, juu ya shamba letu la mahindi, kulikuwa na malundo machache ya udongo uliotupwa na duara moja la zamani ambalo watu walilisema limekufa. Upande wa magharibi, kuanzia mteremkoni mpaka bondeni, ndiko kulikuwa na maduara makubwa, wachimbaji wa kila kabila, maturubai, vibanda vya chai, na mashine za karasha zinazosaga mawe kutwa nzima. Dhahabu ilikuwa imetukuta pale pale tulipozaliwa, sisi hatukuifuata.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na pa kwenda. Niliponda mawe na wanawake wenzangu chini kabisa bondeni, kila mmoja na kinu chake cha chuma. Huko ndiko mwisho wetu. Mdomoni mwa duara mwanamke hakukanyaga. Walisema mwanamke akisogea, dhahabu inakimbia. Mimi nilikuwa nauliza kwa sauti ni dhahabu gani hiyo inayomwogopa mama yangu na haiwaogopi walevi wanaokojoa kando yake, na wanawake wenzangu wakawa wananikanyaga mguu ninyamaze. Lakini hata mimi, pamoja na mdomo wangu, sikuwahi kupanda kule juu.

Siku ile dalili ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Baada ya saa saba mchana niliinua kichwa kupumzisha mikono nikawaona malishoni wamesimama. Hakuna aliyekuwa anakula. Wote, wa kwetu na wa majirani, walikuwa wamegeuza makalio kwenye milima ya mashariki na vichwa kwenye bonde, hakuna anayepunga mkia. Nilimwonyesha mwanamke aliyekuwa karibu yangu. Akatazama, akatema mate chini, akaendelea kuponda.

Juu ya milima kulikuwa na wingu refu. Lilianza pale macho yanapoanzia likaishia pale macho yanapoishia, limeviringika mfano wa mkeka, na chini yake anga lilikuwa la kijani. Sisemi lilikuwa na ukijani kidogo. Lilikuwa la kijani cha maji ya dimbwi yaliyokaa muda mrefu, na mwanga wake uliangukia mikono yetu tukaonekana wagonjwa. Sijawahi kuliona anga la rangi ile tena na wala siombi kuliona.

Halafu karasha zikaanza kuzimwa. Zilikuwa zinalia mpaka tulikuwa tumesahau kwamba zinalia. Ikazimwa moja, ikazimwa ya pili, waendeshaji wake wamesimama wanatazama juu. Ilipozimwa ya mwisho nilisikia inzi, na nilisikia mtu akikohoa mbali sana, juu kwenye maduara, kana kwamba amesimama nyuma yangu. Upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani.

Kwanza ilikuja baridi. Kisha nikaona mahindi ya upande wa juu yakilala. Hayakuyumba, hayakutikisika. Yalilala, safu baada ya safu, yakishuka mteremko kuja kwetu, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kuonekana. Mwanamke mmoja mtu mzima akapiga kelele, "Laleni chini!" Nikalala, shavu juu ya kokoto, mikono imekumbatia kinu.

Upepo ninaoujua mimi huja, ukapumzika, ukarudi, ukazunguka. Ule haukupumzika na haukuzunguka. Ulisukuma upande mmoja tu, bila kuchoka, na ulikuwa na mlio mzito wa malori mengi yanayopanda mlima. Nilisikia mabati yakipita juu yetu. Nilifumbua jicho moja nikaona mlango wa nyumba ya mtu ukipita umesimama wima, na komeo lake. Nikafumba jicho. Mvua nayo ilikuja ikiwa imelala, ikatupiga ubavuni, na baada ya hapo yote yakaisha kwa ghafla sana. Nafikiri kwa muda huo hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka.

Niliposimama, nilichokiona ndicho ninachokiona mpaka leo nikifumba macho. Kila kitu kilikuwa kimelala, na kila kitu kilikuwa kimelala upande mmoja. Mahindi, nyasi, uzio, mikaratusi iliyong'oka na mizizi, migomba, nguzo za vibanda, vyote vimeelekeza vichwa machweo, vimepangwa sawasawa. Ungedhani kuna mtu amepita na chanuo kubwa. Hakuna ndege aliyelia. Watu waliinuka mmoja mmoja kutoka chini, wakawa wanatazama upande ule ambao vitu vyote vilikuwa vinautazama.

Nilikimbia nyumbani. Jiko lilikuwa limetoweka. Nyumba kubwa ilisimama bila paa, na katikati yake mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mvua inamnyeshea, amekumbatia sufuria ya ugali. Ugali ulikuwa bado wa moto. Aliniuliza neno moja tu.

"Kaka yako?"

Tulikwenda pamoja mpaka mwisho wa njia yetu, pale wanawake wanapoishia, tukasimama. Kule mbele wanaume walikuwa wanatoka ardhini. Waliokuwa chini hawakusikia upepo hata kidogo. Walitoka wakakuta dunia imelazwa, na nyuso zao sitazisahau. Walizunguka kifua wazi, wanatetemeka, wanatafuta mashati. Na mashati yalikuwa yamekusanyika. Upepo ulikuwa umeyasomba yote kutoka maduara yote ya mteremkoni, hata yale yaliyobanwa kwa mawe, ukayatupa kwenye ubavu wa mashariki wa uzio wa miiba uliolizunguka duara kubwa la bondeni. Yalinasa pale, ya kila rangi, mikono imenyoshwa.

Kila mwenye shati akaja akachukua lake. Nilikuwa nawaona kwa mbali. Wakaja, wakachomoa, wakavaa, uzio ukawa unapungua rangi. Likabaki moja, la bluu.

Na duara kubwa la bondeni lilikuwa limetitia. Mdomo wake ulikuwa umejaa tope na maji na magogo yaliyokuwa yakishikilia kuta. Kila mtu alijua kaka yangu alikuwa akifanya kazi katika duara hilo mwezi mzima. Shati lake liko pale, yeye hayupo, duara limejifunga. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Msimamizi wa duara, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja mpaka tulipokuwa tumesimama, akavua kofia, akaishika kifuani.

Walichimba. Siwezi kuwasingizia, walichimba kwa nguvu zao zote, usiku na mchana, kwa zamu, hata wale ambao hawakumfahamu. Kila walipotoa tope, tope lingine liliingia. Majeruhi walipelekwa hospitali mjini Tarime. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kijaluo aliyepigwa na bati kichwani. Alipita mbele yetu kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, macho yako wazi lakini hayatazami. Mama alimwonea huruma akasema, "Na huyu ana mama yake mahali." Hatukujua kwamba huyo ndiye alikuwa na habari yetu yote kichwani.

Msimamizi alituletea shati limekunjwa. Mama alilikunjua mapajani. Mkono wa kulia haukuwapo, umeng'oka begani, nyuzi zinaning'inia.

"Mkono wake uko wapi?" mama aliuliza.

"Mama," shangazi yangu aliyekuja kutoka Turwa alimwambia kwa upole, "upepo umebeba mapaa ya watu, na wewe unauliza mkono wa shati?"

Mama alilichukua shati. Alilifua, akalianika juu ya ukuta, akaliangalia likikauka. Shangazi aliniambia nimwache, mfiwa hushika kitu kimoja akakizungusha kichwani. Niliona ni kweli. Kwenye kifo cha baba alishinda anatafuta kijiko.

Sasa nitasema jambo ambalo nikilisimulia watu huniangalia kwa jicho la pembeni. Tulikuwa tunaketi chini, juu ya mikeka, kama ilivyo msibani. Na nikiketi chini, nilikuwa nasikia kugonga. Sikusikia kwa masikio. Nilisikia kwa mifupa ya makalio na viganja. Kugonga mara kadhaa, kimya, kugonga tena. Mtu aliyeshinda miaka akiponda mawe anaujua mtikisiko wa chuma unaopita ardhini. Nilidhani ni karasha, zilizokuwa zimewashwa tena. Nilimwambia shangazi, akanishika mkono akasema ni moyo wangu mwenyewe, wafiwa wengi huusikia. Nikamwambia mama. Mama akaweka kiganja chini, akakaa nacho hapo, akasema, "Hata mimi." Basi shangazi akatuhurumia wote wawili.

Wazee wa ukoo walikuja wakasema yatosha. Mtu asiyepatikana mwili hawezi kuachwa bila kaburi, roho yake itazunguka nje ya mji na watoto wataugua. Kwetu mtu wa namna hiyo huzikiwa mgomba. Wanakata shina la urefu wake, wanalifunga shuka, wanalilaza kaburini, na nguo yake juu. Mama alikataa kwa siku nzima. Alisema hajamwona. Wazee hawakugomba naye, walikaa tu, na kukaa kwao kulikuwa kuzito kuliko ugomvi. Mwisho mama akasema chimbeni.

Kaburi lilichimbwa pembeni mwa mji, upande wa shamba, karibu na la baba. Kwa heshima ya msiba karasha zote za bondeni zilizimwa. Nilikuwa nimeketi chini na kugonga kukaendelea. Karasha zimezimwa, na chini ya viganja vyangu kuna kitu kinagonga, na safari hii kinagonga haraka haraka, kwa furaha. Neno la furaha ndilo nililolifikiria wakati ule, nikaogopa akili yangu. Vijana walikuwa wanapiga sururu kaburini, na kila waliponyamaza, chini kulijibu. Nilianza kulia kabla ya wakati wa kulia.

Mgomba ulikuwa mzito. Wanaume wanne waliubeba, umevikwa shuka jeupe, na ulikuwa na urefu wake kweli kweli, walikuwa wamempima kwa kumbukumbu. Maji ya mgomba yalichuruzika kwenye shuka. Shati la bluu liliwekwa juu, lina mkono mmoja. Katekista akasali, wazee wakafanya yao, halafu mama akamlilia. Mama yangu alikuwa na sauti iliyojulikana mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto. Alimlilia kwa jina lake, kwa jina la babu aliyemrithi, kwa siku aliyomzaa njiani akitoka kuteka maji, kwa meno yake ya kwanza. Wote tukaitikia. Udongo ukaanza kurudi.

Na kugonga kukakoma. Niliweka viganja vyote viwili chini. Hapakuwa na kitu. Nilijisemea kwamba basi wazee walikuwa sahihi, sasa amepumzika.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifika watu wakiwa wameanza kula. Alikuwa anaishi Robanda, kando ya hifadhi, analima na kulinda mazao yake dhidi ya tembo. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia maana miti ilikuwa imelala barabarani. Alimwamkia mzee wa ukoo shikamoo, akampa mama mkono wa pole, akaketi, akaletewa maji. Akasema lile ambalo kila mtu alikuwa analijua na hakuna aliyekuwa amelisema.

"Njia ya huu upepo nimeitembea kutwa nzima, dada. Kila mti niliouruka umelalia huku. Haukugeuka popote. Kama umechukua kitu, umekichukua kule na kukileta huku, basi."

Mama aliacha kutafuna. Nilimwona akiangalia shamba letu, mahindi yote yameelekeza vichwa bondeni.

"Fundo," alisema.

Tukamtazama.

"Yule mtoto halibani shati kwa jiwe. Analifunga. Shati halikuondoka lenyewe, limeng'olewa. Mkono wake umebaki ulipofungwa." Alisimama. "Kama shati lingekuwa la duara la bondeni, upepo ungelipeleka machweo, lingevuka mto. Lisingekutwa pale pale."

Mzee mmoja akasema taratibu kwamba mama amechoka, alazwe. Mama alikuwa tayari anatembea. Mjomba akainuka akamfuata, nami nikawafuata, na nyuma yetu nikasikia watu wakiacha sahani.

Hakwenda moja kwa moja juu. Alishuka kwanza bondeni mpaka kwenye uzio wa miiba, pale pale lilipokutwa shati. Msimamizi wa duara akatandaza mikono.

"Mama, pole sana, lakini huku wanawake hawakanyagi. Unajua. Dhahabu itakimbia."

"Ikimbie," mama alisema, akampita.

Alisimama mgongo wake ukiwa kwenye uzio, akaangalia jinsi nyasi zilivyolala, akaanza kutembea kuelekea upepo ulikotoka. Tulitembea kinyume cha kila kitu. Vichwa vya mahindi vilikuwa vinatutazama, mashina yamelala yakielekea miguuni petu, na tuliyakanyaga kutoka ncha kwenda mzizi. Mama hakupinda. Palipokuwa na gogo, alipanda juu yake. Tulipita ubavuni mwa mji wetu, tukaliona kaburi jipya, udongo bado una maji. Waombolezaji walikuwa wamesimama wima wanatuangalia tukipita, wasijue kama watufuate au watukamate.

Mstari ulitupeleka kwenye lile duara la zamani, lililokufa. Hakuna aliyekuwa amelisogelea tangu siku ile, na kwa nini alisogelee? Juu yake ulikuwa umelala mkaratusi, na juu ya mkaratusi lilikuwa limetua paa zima la duka la jirani, mabati na mbao zake. Lilionekana lundo la takataka tu, mfano wa malundo mengine yote. Mjomba alianza kuvuta mabati. Chini ya bati la tatu au la nne palikuwa na nguzo ya kamba, imevunjika katikati. Kwenye nguzo kulikuwa na kitambaa cha bluu. Mkono wa shati, umefungwa kwa fundo la baba.

Mama hakupiga kelele. Aliushika ule mkono kwa kiganja chake, kama anavyoshika mkono wa mtu. Kisha akapiga magoti, akasogeza mdomo kwenye upenyo uliokuwa kati ya mkaratusi na ardhi, akamwita. Hakuna kilichojibu. Akamwita tena. Nilijilaza chini, nikaweka viganja, nikaomba kile kitu kigonge. Hakikugonga. Msimamizi wa duara alikuwa ametufikia, anahema, akaona ule mkono wa shati, na yule mtu mwenye heshima zake akageuka bondeni akaita watu kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Walikata mkaratusi. Walishuka kwa kamba. Chini, njia ya pembeni ilikuwa imezibwa nusu na udongo, na kupitia ile nusu walimkuta kaka yangu ameketi, ameegemea mwamba, sururu iko mapajani, macho yako wazi. Mwanamume aliyeingia wa kwanza alituambia baadaye kwamba alimmulika usoni kwa tochi na kaka hakukwepa mwanga. Alimwambia, kama tunavyowaita vijana kwa Kikurya, "Mura, twende." Kaka akamjibu kwa adabu, "Asante, nimeshazikwa."

Alikuwa hai. Maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye mwamba yalikuwa yamemtunza. Siku ya upepo alikuwa amehamia duara lile asubuhi, yeye na yule kijana wa Kijaluo aliyeshika kamba juu, maana walisikia kuna mwamba mzuri wa dhahabu umeachwa, unaelekea chini ya shamba letu. Walitaka kuthibitisha kabla ya kumwambia mtu. Ile njia ilikuwa imemfikisha karibu kabisa na mji wetu.

Ilichukua muda kabla hajatueleza yale ya ndani, na aliyaeleza mara moja tu, akiwa ameketi nje anaota jua. Alisema alikuwa anagonga mwamba kwa sururu kutwa, kwa sababu mchimbaji aliyefukiwa hugonga ili asikike juu. Siku moja akasikia wanachimba. Juu yake, kidogo pembeni, sururu zinapiga, zinakaribia. Alilia kwa furaha akagonga kwa nguvu zote. Sururu zikanyamaza. Akagonga. Zikapiga tena. Akajua sasa wamemsikia, dakika chache tu. Halafu zikaacha kabisa, na akasikia wimbo. Akasikia sauti ya mama. Maneno hayakumfikia yote, lakini jina lake lilimfikia, mara nyingi, na jina la babu. Kisha akasikia udongo ukimwagwa, tifu, tifu, tifu, na watu wakishindilia kwa miguu.

"Nikasema, kumbe," alituambia. "Kumbe ndiyo hivi. Nimekufa na sikujua. Nikaweka sururu chini. Mama alipokuja kuniita kwenye upenyo nilimsikia vizuri. Nikafikiri bado ananililia. Sasa marehemu anaitikaje?"

Mama aliinuka akaingia ndani, na hakutoka mpaka jioni.

Wazee walikataa kaburi lifukuliwe, kilichozikwa kimezikwa. Walitoboa ua wa zizi upande wa nyuma wakampitisha kaka hapo, si langoni, maana alikwisha kuzikwa, kondoo akachinjwa. Kwa hiyo kaka yangu ana kaburi, mpaka leo liko pale, na ukimkuta analipalilia utaona kichekesho. Yule Mjaluo alipona, wakawa marafiki zaidi ya ndugu. Mwamba ule mzuri hakuna aliyeukuta. Wachimbaji walisema mama yangu ameufukuza, na mama alikubali lawama hiyo bila shida yoyote. Lakini kuanzia siku ile, yule mwanamke wa sauti iliyovuka mto hakulia tena msibani. Alikwenda, alipika, aliketi na wafiwa, na wenzake walipoanza kulia aliziba mdomo kwa kanga.

Dhahabu ilipungua, wageni wakahama, maduara yakaota nyasi. Mama aliugua kwa muda mfupi akafariki nyumbani, katika kitanda chake, mimi nimemshika mkono. Hakuna aliyekuwa na shaka. Siku ya kumzika walikuja watu wengi, na wanawake walikuwa wamejaza vifua pumzi tayari, kwa sababu alistahili kuliliwa kwa sauti kama yake. Kaka yangu, sasa ni mtu mzima mwenye mvi, alinyosha mkono akawazuia.

"Msilie kwanza," alisema.

Jeneza likashushwa kimya, udongo ukarudishwa kimya, taratibu, kwa mikono, kwa sababu aliwakataza mabeleshi. Hakuna aliyeimba. Kaburi lilipojaa, kaka alipiga magoti, akalala kifudifudi na suti yake, akaweka sikio juu ya udongo. Alikaa hivyo muda mrefu. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga tena, akasikiliza. Hakuna aliyemharakisha, hata wazee.

Kisha akainuka, udongo uko shavuni, akatutazama.

"Kimya," alisema. "Sasa lieni."